Kipara cha Kwaresima

Mtu asiye na vingi hupata taabu Jumatano ya Majivu. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki nje ya nyumba ya jirani huku Kambi Muru, Kibera, majivu bado yako kwenye vipaji vya nyuso, na kila mwanajumuiya alitakiwa kusema ataacha nini mpaka Pasaka. Mmoja akasema ataacha soda. Mwingine akasema ataacha nyama ya kila siku, tukacheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akila nyama hata ya kila mwezi. Wa tatu akasema hatapanda gari wala boda boda, atatembea kwa miguu hadi kazini. Huyo alipigiwa makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nikitembea kutoka Kambi Muru hadi Kawangware, kwenda na kurudi, kwa mwaka wa nne sasa, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

"Na wewe fundi, unaacha nini?" mwenyekiti akauliza. "Usituambie unaacha dhambi. Hiyo ni ya sisi wote."

Nilitafuta kichwani nikakuta sina kitu cha kuacha ambacho hakijaniacha chenyewe. Watu walikuwa wananingoja. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka tisa, alikuwa ameketi miguuni pangu akichora ardhi na kijiti.

"Nitaacha chakula cha mchana," nikasema. "Na kusuka. Na nguo, nitavaa gauni moja tu mpaka Pasaka."

Nikapigiwa makofi.

Kesho yake jioni mdogo wangu anayenifuata alinifumua rasta alizokuwa amenisuka yeye mwenyewe. Alikuwa kidato cha pili, darasa lile lile nililoachia shule mimi. Nywele za mbele zilikuwa zimekatika, zimebaki kama nyasi zilizokanyagwa. Nikaona badala ya kupambana nazo kila asubuhi na kitana, heri nizitoe. Nikaenda kwa kinyozi wa njia ya Kisumu Ndogo.

"Zote?" akauliza.

"Zote."

"Umekosana na nani?"

Niliporudi, yule wa kidato cha pili alicheka mpaka akakaa chini, akanipigia saluti, akaniita afande. Yule mdogo hakucheka. Alinitazama kidogo, akapanda kitandani, akageukia ukuta. Nilidhani ni usingizi.

Gauni nililochagua nilikuwa nimelishona mwenyewe kwa kitambaa cha kijivu kilichobaki kwenye oda ya sketi za shule. Halikuwa na kola wala maua. Nililifua kila jioni na kulianika ndani, juu ya kitanda, na asubuhi nililivaa tena. Mwezi wa tatu mwanzoni jua lilikuwa kali sana hata likakauka kabla ya habari za saa tatu usiku. Vumbi la Kibera wakati huo huingia hata kwenye sukari. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, nikapanda mpaka Ayany ambako lami inaanza. Wanawake wengi husimama pale, wakishikana mabega wasianguke, wakivua malapa ya njia ya mtaani na kuvaa viatu vya kazini vilivyofungwa kwenye mfuko. Kisha nilipita Jamhuri, nikavuka barabara ya Ngong, nikashika ya Naivasha, na baada ya saa moja na robo nikawa Kawangware, mbele ya kibanda chenye cherehani tatu.

Mwenye kibanda alikuwa mama mtu mzima tuliyemwita Shosho. Miezi hiyo hatukuwa na nafasi hata ya kujikuna. Parokia mbili zilikuwa zimetuletea gauni nyeupe za watoto wa komunyo ya kwanza, na kwaya moja joho. Mimi nilipewa nyeupe, kwa sababu mikono yangu haitoi jasho. Saa saba wenzangu waliletewa githeri, wakaila wakinitazama, nami nikaendelea kukanyaga mashine. Siku za kwanza tumbo liliunguruma kuliko cherehani. Wiki ya pili lilinyamaza. Jioni nilipopakua ugali nyumbani, niliwawekea wadogo zangu na kuwaambia mimi nimeshakula kazini. Sikuwa nimeahidi hilo kwenye jumuiya. Nilikuwa nimeliongeza tu, na nilikuwa nimeanza kujivunia, kama mtu anayebeba mtungi kichwani na kuachilia mikono.

Kisumu Ndogo kulikuwa na mama aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtu wa kijiji cha jirani na chetu kule magharibi. Tulipompeleka mama yetu nyumbani kuzikwa, mwuza omena huyu alipanda nasi basi moja. Siku moja nilipita kununua kikopo kimoja, akaacha kupima.

"Wewe! Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, mathe. Ni Kwaresima."

"Kwaresima inanyoa mtu?"

Yeye alikuwa wa kanisa la ngoma na kanzu nyeupe, hawana Kwaresima. "Sisi tukifunga tunapaka mafuta, tunang'aa," akasema. "Nyinyi mnafunga mpaka mbwa wa mtaa anajua." Nilicheka. Alinipimia omena na kuongeza mkono mmoja mzima bila kuniangalia usoni. Hakuwa mtu wa kuongeza. Nilipaswa kulifikiria hilo.

Jumapili ya nne ya Kwaresima simu ililia tukitoka misa. Alikuwa baba mdogo, ndugu ya baba yetu.

"Nimesikia," akasema.

"Umesikia nini, baba mdogo?"

"Tusiulizane hayo kwa simu. Shule zinafungwa Ijumaa ile ya kabla ya Matawi. Nitakuja na gari la usiku, nifike asubuhi, na jioni nirudi nao. Wafungie nguo zao."

"Wanakuja likizo?"

"Tuseme likizo." Nilisikia kuku kwao. "Mkubwa atapokelewa na shangazi yenu Kitale. Mdogo nitakaa naye mimi. Usibishane, mama. Kwa baba yako nilichelewa. Kwa mama yako nikachelewa tena. Safari hii sichelewi."

Ni lazima nieleze. Siku ya tatu baada ya kumzika mama, jamaa wote walinyolewa kama ilivyo desturi ya kwetu, na vichwa vikiwa bado vinawasha kwa wembe, wakubwa walikaa kuamua sisi watatu twende wapi. Baba alikuwa ametangulia miaka mitatu nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilisimama mbele yao nikasema sirudi shule, nitafanya kazi, wadogo zangu wakae na mimi tusitawanywe. Walibishana mpaka chai ikapoa mara mbili. Mwishowe baba mdogo ndiye aliyenitetea. Alisema watoto wabaki na dada yao mradi ana nguvu, na siku nguvu zikimwisha, mmoja aende Kitale na mwingine aje kwake. Wote wakaitikia. Hakuna aliyeandika kitu.

Kwa hiyo nilielewa alichosikia, na nikadhani mama wa omena ndiye aliyempelekea. Kwetu mtu hanyoi kichwa chote bure. Ama amefiwa ama anaumwa. Mama yetu pia alinyolewa miezi mitatu kabla ya kufa, nywele zilipoanza kutoka na kitana. Naye pia alianza kwa kuacha chakula cha mchana. Naye pia alikuwa na gauni moja alilolipenda, kwa sababu nyingine zote zilimpwaya.

Nilimweleza baba mdogo habari za jumuiya na majivu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako alituambia ni malaria," akasema, akakata simu.

Wiki mbili zilizofuata sikumbuki nilizilala vipi. Mvua za masika zilianza. Kambi Muru iligeuka uji, na gauni la kijivu likawa halikauki tena. Nililivaa likiwa bichi, likakaukia mwilini nikipita Jamhuri. Yule wa kidato cha pili alianza kunipigania kuanzia Jumatatu.

"Vaa ile gauni yako ya bluu," akasema. "Funga kitambaa. Kula. Hiyo wiki mbili nywele zitakuwa zimemea kidogo, utakaa mtu."

"Nimeahidi."

"Umeahidi nani?"

"Unajua nani."

"Na sisi hukutuahidi?" Alikuwa anamenya viazi, kisu kikasimama. "Mimi niko Form Two, siz. Unataka niachie hapo tu uliachia?"

Nilichukua ndoo nikaenda kupiga foleni ya maji ambayo hatukuyahitaji.

Hata Shosho alisikia. Alitoka mchana mmoja akarudi na wigi jeusi, fupi, lililochanwa vizuri, akaliweka juu ya mashine yangu.

"Mungu haangalii hii," akasema. "Ni ya kuangaliwa na huyo mzee wenu. Siku moja tu, halafu unirudishie."

Nililivaa. Kwenye kioo cha wateja nilionekana mtu wa ofisini. Nikalivua, nikamrudishia kwa mikono miwili ili asione nimemdharau. Mama yetu, wageni walipokuja, alifungwa kitambaa cha rangi, akapakwa mafuta midomoni, akaambiwa atabasamu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga. Watu waliondoka wakisema anaendelea vizuri. Nilijua nikijifunika nitakuwa nimekubali kwamba kuna kitu chini yake. Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia Shosho. Sababu nyingine sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeudhika. Miaka minne hakuna siku wadogo zangu walilala njaa, na sasa kipara kimoja kilikuwa kimeifuta yote.

Ijumaa ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumatano na asubuhi hiyo ilibaki manyunyu tu. Saa kumi na mbili na dakika chache tulisikia hodi. Baba mdogo alisimama mlangoni na mwavuli, mkate, sukari, na viatu vya kahawia alivyokuwa amevipiga rangi, sasa vina soli ya matope ya vidole viwili. Wadogo zangu walikuwa na sare, tayari kwenda kuchukua ripoti za kufunga shule. Mifuko yao miwili ilikuwa imefungwa, iko juu ya kitanda. Mdogo alikuwa amefunga wake mwenyewe, bila kuambiwa mara mbili.

Baba mdogo aliniangalia kichwa. Kisha akavua kofia yake, polepole, kama mtu anayeingia nyumba ya msiba.

"Karibu, baba mdogo."

"Umekonda."

"Ni kufunga. Kwaresima ikiisha nitanenepa mpaka mnikatae."

Hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kando ya mifuko. "Tukimaliza chai twende hospitali wakupime. Nitangoja majibu nikiwa nawe. Halafu jioni watoto tunaondoka."

"Nikipimwa nikapatikana mzima, utawaacha?"

"Mama, mtu huwa mzima mpaka siku ile anaanguka." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. Mtu mkali unaweza kugombana naye. "Baba yako alikuwa anabeba gunia la saruji Jumatatu. Alhamisi akanipigia simu ananiuliza kama nina blanketi ya ziada."

"Leo siwezi kwenda hospitali. Gauni za komunyo zinachukuliwa leo saa nane, na nne bado hazina pindo."

"Unaona? Huna nafasi hata ya kuugua."

Wadogo zangu walikuwa wamesimama ukutani kama watoto wa jirani. Nikasikia mdomo wangu ukisema kabla sijaupa ruhusa:

"Basi twende kazini pamoja. Kwa miguu, hiyo njia yangu ya kila siku. Nikishindwa kufika, nikianguka, nikikaa chini njiani, urudi uwachukue na sitasema neno. Nikifika, unawaacha."

Aliangalia matope kwenye viatu vyake. "Kawangware?"

"Kawangware."

"Sawa," akasema.

Ni baada ya kusema ndipo nilipokumbuka kwamba ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa nilikuwa nikiacha hata chai na mkate wa asubuhi, mlo pekee niliokuwa nimebakiza. Tumboni nilikuwa na chai ya rangi ya jana na hasira.

Wadogo zangu walienda shule. Yule wa kidato cha pili alinipita mlangoni akaninong'oneza, "Ukianguka nitakuua." Sisi tukapanda kuelekea Ayany. Njia ilikuwa mbaya kuliko nilivyowahi kuiona. Nilijua mawe yote ya kukanyaga, baba mdogo hakuyajua, na mara mbili alizama mpaka kwenye soksi. Pale lami inapoanza nilivua malapa, nikafuta miguu kwa gazeti, nikavaa viatu vyangu vya kazini. Wanawake waliokuwa wakibadilisha walimwona akikwangua viatu vyake kwa kijiti.

"Mzee, hukubeba viatu vya lami?" mmoja akamwuliza. "Umekuja Kibera ama umekuja harusi?"

Alitabasamu kidogo. Nilianza kujisikia vizuri. Jamhuri niliipita kwa mwendo wangu wa kawaida, ule wa kutozungumza, nikimsikia nyuma akihema. Jua lilichungulia, mvuke ukapanda kutoka kwenye lami, majani ya kando yalikuwa mabichi kama yameoshwa kwa sabuni. Tulivuka barabara ya Ngong. Na hapo, tulipoanza ile ya Naivasha, mwili wangu ulinigeuka.

Masikio yaliziba kwanza. Kisha sauti za magari zikawa mbali, kama zimewekwa kwenye debe na kufunikwa. Nikaona vitu vyeupe vidogo vidogo, vingi, vikishuka mbele yangu. Niliwahi kuanguka mara moja nikiwa mtoto na nilijua kinachofuata. Nilishika uzio wa mabati wa watu, nikaegemeza paji la uso juu ya baridi yake, nikasema moyoni, si leo. Sikusali sala yoyote ya kitabuni. Nilisema maneno hayo mawili tu. Nilingoja nimsikie baba mdogo akisema, "Basi, mama, imetosha."

Hakusema. Nilipogeuka alikuwa hatua thelathini nyuma, ameinama, amevua kiatu kimoja, anatoa jiwe. Hakuwa ameona.

Aliponifikia alikuwa amelowa jasho. "Ngoja kidogo," akasema. "Unakimbilia nini? Kila siku unaenda hivi?"

"Na kurudi."

Kijana wa mayai na soseji za smoki alikuwa amesimama na toroli lake hapo karibu. Baba mdogo alinunua mayai mawili na smoki mbili. Alipasua yai moja, akatia kachumbari na chumvi, akaninyooshea pamoja na smoki kwenye kipande cha gazeti.

"Kula nikuone."

"Ni Ijumaa ya Kwaresima, baba mdogo. Nyama siwezi."

"Na yai?"

Yai hakuna aliyelikataza ila mimi mwenyewe. Nilitazama mkono wake. Wagonjwa wake wote wawili walikuwa wamekataa chakula mkononi mwake, mmoja baada ya mwingine, wakimwambia watakula baadaye. Nilikuwa nimelinda mfungo ule kwa wiki tano kama mlinzi wa benki. Nililichukua yai nikalila kwa matonge mawili, nikala na la pili, nikanywa maji kwenye chupa yake. Smoki alikula yeye zote mbili.

Sitadanganya. Mayai yale ndiyo yaliyonifikisha. Yeye alidhani ameona nguvu zangu, nami nikamwacha adhani hivyo, na mpaka leo hajui habari za ule uzio.

Tulifika kibandani saa mbili na nusu. Shosho alimpa kiti, akamtazama viatu, kisha akaniangalia mimi.

"Huyu ndiye mzee?"

"Ndiye."

"Mzee, karibu. Huyu mtoto wako mnasema ni mgonjwa?" Hakungoja jibu. Alianza kutoa gauni nyeupe kutoka kwenye kamba, moja moja, akimwekea magotini mpaka karibu hakuonekana. "Hii ni yeye. Hii ni yeye. Hii ni yeye. Sasa niambie mgonjwa anashona hivi, na mimi nitafute huo ugonjwa, niwaambukize hawa wengine wawili."

Wenzangu walicheka. Baba mdogo alishika pindo la gauni moja kwa vidole vilivyokauka, akaligeuza aone upande wa ndani, jinsi mtu anayejua kazi anavyoangalia kazi. Nilikaa kwenye mashine. Nilitaka kutunga uzi kwenye sindano, nikajaribu mara nne, uzi ukapita kando mara nne. Nikainama nijifanye natafuta kitu chini.

Alitoka nje na simu kumpigia shangazi wa Kitale. Tulimsikia, maana nyumbani kwetu watu huongea na simu kama wanaita ng'ombe. "Hapana, hajafa mtu," akasema. "Nimesema hajafa mtu! Ni kanisa. Ndiyo, amenyoa kwa ajili ya kanisa. Sijui, mwulize padri wako." Akasikiliza. "Hapana. Watoto wanabaki."

Aliporudi hakukaa. "Utaenda kupimwa wiki ijayo," akaniambia. "Siyo kwamba nakushuku. Ni mimi nataka kulala usingizi. Na siku ukisikia hata mafua, mimi ndiye wa kwanza kupigiwa simu, siyo wa mwisho. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Aliita boda boda. Hakutaka kusikia habari ya kurudi kwa miguu. Alipita nyumbani kuwaaga watoto walipotoka shule, na jioni hiyo akapanda gari la usiku peke yake.

Nilifika Kambi Muru saa kumi na mbili na nusu. Yule wa kidato cha pili alikuwa amesharudisha nguo zake kwenye sanduku na alikuwa anapika sukuma wiki akiimba. Mfuko wa mdogo ulikuwa bado uko kitandani umefungwa, naye amekaa juu yake.

"Kweli hatuendi?" akaniuliza.

"Hamuendi."

"Kwa hivyo huumwi?"

"Siumwi. Nani alikuambia naumwa?"

Alichezea kamba ya mfuko. Dada yake aliacha kuimba. Ilichukua muda, na nilikuwa nimechoka mno kumharakisha, na labda ndiyo maana alisema. Alisema alikwenda kwa mama wa omena akamwambia kwamba mimi sili. Kwamba kwenye jumuiya nilisema siwezi kula mchana kazini, na jioni nawaambia nimeshakula kazini, kwa hivyo sili popote. Kwamba nimenyoa kama mama. Alimwomba mama wa omena ampigie baba mdogo, kwa sababu yeye hana simu na dada yake angemcheka.

"Lakini sikumwambia atuchukue," akasema. "Nilitaka tu akuje mapema."

Wiki zote hizo nilikuwa nimemkasirikia mwuza omena. Kumbe mtoto wa miaka tisa alikuwa amekaa miguuni pangu siku ile akisikiliza kila neno, kisha akajumlisha maneno yangu ya kule na ya hapa, akapata ukweli nilioufunika hata mwenyewe. Alikuwa na miaka mitano mama alipoanza kuweka sahani kando. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa akiangalia.

Gauni la kijivu nililivaa mpaka Pasaka, na kichwa nikakiacha wazi. Hayo nilikuwa nimeyaahidi. Lakini jioni ile nilikaa chini pamoja nao, nikanawa mikono. Mdogo alivuta kigoda akakaa mbele yangu kabisa, magoti yake yakigusa yangu, asile yeye kwanza. Nilikata tonge, nikachovya, nikameza. Alikuwa anahesabu matonge, midomo yake ikicheza. Nilipofika la saba niliegemea nyuma nikasema nimeshiba.

"Bado," akasema.

Nikala la nane.